Uislamu wa mtandaoni ni nini?

Si madhehebu mapya. Ni jina la jumla la yale Waislamu wanayoyafanya kwa dini yao kupitia intaneti: kufuatilia darsa, kuuliza masuala ya fiqhi (hukumu za dini), kumsomea mwalimu Qur'ani kwa video, kutafuta kibla kwa simu, kutumiana aya na mawaidha. Wala si jambo la juzi. Tovuti ya IslamOnline ilianzishwa mwaka 1997, simu nyingi zikiwa bado za kupigia tu.

Daawa haina tabu kuhamia mtandaoni, maana daawa ni kufikisha ujumbe wa dini. Ibada ndiyo yenye masharti yake. Misikiti ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watu waliuliza kama inafaa kuswali Ijumaa sebuleni nyuma ya imamu anayeonekana kwenye skrini. Wanazuoni wengi, likiwemo Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, walisema haisihi: Ijumaa inataka watu wakusanyike mahali pamoja, na aliyebaki nyumbani aswali Adhuhuri. Kuisikiliza hotuba kwa faida, hakuna neno.

Programu za nyakati za swala nazo huzua ubishi usio na sababu. Mbili zikipishana Alfajiri, huenda hakuna iliyokosea. Wakati huo huhesabiwa kwa nyuzi ambazo jua liko chini ya upeo wa macho. Njia moja hutumia nyuzi 18, nyingine 15, na ya Misri 19.5. Chaguo limo kwenye mipangilio, ila wachache huifungua.

Penye kazi hasa ni kwenye kutumiana hadithi, yaani maneno yanayonasibishwa na Mtume. Ramadhani ikikaribia, hupita ujumbe kwamba wa kwanza kumpa mwenzake habari ya mwezi huo ataharamishiwa Moto. Wanazuoni wameshaeleza kuwa maneno hayo hayana asili, lakini kila mwaka yanarudi, yamepambwa kwa picha ya mwezi mwandamo. Anayeyasambaza hana nia mbaya, anatafuta thawabu, na akiulizwa hutoa hoja: Mtume (s.a.w.) amesema, "Fikisheni kutoka kwangu, hata iwe aya moja." Ni kweli, imo katika Sahihi Bukhari, kitabu mashuhuri cha hadithi. Tatizo ni kwamba hukatwa hapo. Hadithi hiyohiyo inamalizia kwa onyo: mwenye kumzulia Mtume uongo kwa makusudi, na ajiandalie makazi yake Motoni.

Zamani mwanafunzi alipokea hadithi kwa mwalimu anayemjua, na mwalimu huyo naye alimjua aliyemfundisha. Ujumbe uliosambazwa mara mia hauna mlolongo huo. Una "nimetumiwa" tu. Kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni mtumaji: nani kaipokea, imo kitabu gani, na wanazuoni wa hadithi wameipa daraja gani ya usahihi? Hata namba ya hadithi isikutulize, kwani nayo hubuniwa. Ifungue Bukhari yenyewe; ipo bure kwenye simu hiyohiyo.