Bawa la Ndege ya Mfano Halifungwi Kama Gunia la Mkaa

Karibu kila kijana anayeniletea ndege ya mfano iliyovunjika hapa Tabora huanza na maneno yaleyale: "Shikamoo mwalimu. Bawa nilikuwa nimelikaza sana, sijui limevunjikaje." Wiki iliyopita nimeyasikia tena, na nimeona afadhali niyaandikie jibu moja refu kuliko kuendelea kulirudia kila Jumamosi uwanjani.

Ndege aliyoileta kijana wa wiki hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 1.2, na bawa lake la povu gumu lilikuwa na urefu wa mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha. Bawa hilo lilikuwa limefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyopigwa mafundo, kisha juu yake ukapitishwa waya wa kufungia nondo mara mbili. Wakati wa kutua, ncha ya kushoto iligonga kisiki cha mwembe. Waya ulikuwa umezama ndani ya povu kiasi cha upana wa kidole, bawa limekatika palepale kwenye waya, na vijiti vya kufungia, vile vinavyotokeza ubavuni ili mipira ishikwe, vilikuwa vimeng'oka pamoja na ubavu mzima wa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Fundo hata moja halikufunguka, na hilo ndilo alilonionyesha kama ushahidi kwamba alifunga vizuri.

Dhana kwamba bawa lililokazwa lisitikisike ndilo bawa salama ndiyo inayovunja ndege nyingi kuliko upepo na betri mbovu vikijumlishwa, na kwa kweli inanichosha. Rababendi, yaani pete ya mpira inayofunga bawa kwenye bodi, ina kazi mbili, na ya pili ni muhimu sawa na ya kwanza: inalishikilia bawa ndege inapokuwa angani, na inaliachia lisogee ndege inapogonga kitu. Ncha ya bawa la mita 1.4 iko sentimita 70 kutoka katikati ya bodi, kwa hiyo kila nguvu inayoipiga ncha hufika kwenye shina la bawa kama nguvu ya wenzo mrefu. Bawa likiweza kuzunguka kidogo juu ya kitako chake, yaani sehemu ya bodi linapokalia, mipira ya upande mmoja huvutika, mingine huchomoka kwenye vijiti, na nishati ya kishindo huishia humo. Likiwa limefungwa kwa waya au kugandishwa kwa gundi, nishati hiyohiyo hutafuta kitu dhaifu kuliko vyote ikivunje, na kwenye ndege zetu kitu hicho ni povu lenyewe au ubao mwembamba wa bodi.

Kwetu hapa jambo hili lina uzito zaidi. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndege ileile inahitaji mwendo wa zaidi kidogo, karibu asilimia 6, ili ibaki hewani, na kwa kuwa nishati ya mgongano huongezeka kwa mraba wa mwendo, kishindo cha kutua vibaya huwa kikubwa kwa karibu asilimia 12. Anayerushia ndege kwenye mashamba yenye visiki anahitaji bawa linalokubali kusogea kuliko anayerushia kwenye mchanga wa pwani.

Ni kiasi gani cha kukaza kinachotosha, basi? Swali hili lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika ndege ya kilo 1.2 ambayo bawa lake peke yake lina gramu 300, mipira hubeba gramu 900 tu wakati ndege inaruka sawasawa, kwa sababu bawa hujibeba lenyewe. Katika kona kali, ndege ikiwa imelala upande kwa nyuzi 60, mzigo huo huwa maradufu, yaani kilo 1.8. Ukiivuta ndege kwa nguvu inapopiga mbizi hadi mzigo ufike mara nne, mipira hubeba kilo 3.6. Mwanafunzi hana sababu ya kufika zaidi ya hapo.

Pima kwa ndoo. Weka bawa juu ya egemeo za viti viwili vilivyosogezwa karibu na bodi, bodi ikining'inia katikati, kisha tundika chini yake ndoo ndogo ambayo, pamoja na maji, ina uzito wa kilo 2.7, ukijumlisha gramu 900 za bodi unapata ile kilo 3.6. Chutama, uangalie mahali bawa linapokutana na kitako chake. Ukiona mwanga unapita, ongeza rababendi mbili, kwa sababu bawa linaloinuka angani hubadilisha pembe yake na ndege hukataa kutii. Usipoona mwanga, ondoa ndoo, shika ncha ya bawa na uisukume nyuma kwa kiganja: ikikubali kusogea kisha ikarudi, umefunga sawasawa. Kwa ndege ya ukubwa huo mimi hutumia rababendi 8 zenye upana wa milimita 6, na sijawahi kujutia idadi hiyo.

Wapo wanaoamini kwamba mipira yote lazima ipishane kama herufi X. Sivyo. Sita za kwanza zipite moja kwa moja kutoka kijiti cha mbele hadi cha nyuma, tatu kila upande, na mbili za mwisho ndizo zipishane, kwa sababu kazi yake ni kuzizuia zile nyingine zisiteleze kwenye vijiti. Vijiti vyenyewe viwe vya mninga, vyenye kipenyo cha milimita 6. Vya mshikaki ni vyembamba mno kwa ndege ya zaidi ya kilo moja.

Kuhusu tyubu, siikatai. Tyubu nyingi za baiskeli ni za mpira wa butili, ambao hustahimili jua kuliko mpira asilia wa rababendi, ingawa hurudi taratibu ukishavutwa. Ninachokikataa ni fundo. Kata tyubu kwa kukatiza ili upate pete kamili isiyo na mwanzo wala mwisho, na kama bawa ni pana tumia tyubu ya pikipiki, kwa kuwa pete ya baiskeli huwa fupi mno.

Mipira iliyochafuka mafuta haisafishwi kwa petroli. Petroli huufanya mpira asilia uvimbe na kulegea, hata kama unaonekana safi. Tumia maji na sabuni, uianike kivulini, kisha uipake poda. Kabla ya kuirudisha kazini, ivute kila moja mbele ya dirisha: ukiona nyufa ndogondogo zimejipanga kukatiza mpira, itupe siku hiyohiyo.

Nimewahi kuambiwa na mzazi kwamba rababendi ni mambo ya kitoto na kwamba ndege ya maana hufungwa kwa bolti. Lakini mpira si jambo la kitoto: mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, Alphonse Pénaud alirusha ndege ya mfano iliyosukumwa na mpira uliosokotwa. Ndege halisi aina ya Piper J-3 Cub, inayobeba watu wawili, hupokea kishindo cha kutua kwa kamba za mpira zilizofungwa kwenye miguu yake. Bolti zina mahali pake, hasa kwenye ndege za mbio na za michezo ya angani, ambazo marubani wake wameshajua kutua. Anayejifunza bado hajafika huko.

La mwisho ni tabia ya kuiacha ndege ukutani ikiwa imefungwa bawa ili kesho iwe tayari. Mpira ulioachwa umevutwa usiku kucha hurefuka na haurudi wote, hivyo kesho yake bawa hubanwa kidogo kuliko unavyodhani. Fungua mipira yote jioni na uitie kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na dirisha. Asubuhi, ukishafunga upya, chukua uzi na upime kutoka kila ncha ya bawa hadi mwisho wa mkia. Vipimo viwili visipolingana, sogeza bawa kwa mkono hadi vilingane, ndipo uwashe injini.