"Mwalimu, mikono yote iko kwenye usukani"

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa dereva wa Hiace aliyekuja kwenye darasa langu la udereva na hedifoni ikining'inia shingoni: "Mwalimu, nikiendesha simu siishiki, naongea kwa hedifoni tu." Anasema kwa kujiamini, utadhani ananionyesha leseni. Na msimu wa korosho ukishaanza ndiyo balaa kabisa. Kila anayetoka Mtwara kwenda Newala au Masasi ana mtu wa kumuuliza bei ya mnada.

Jamani, shida si mkono. Kila unapobadili gia unaendesha kwa mkono mmoja, na gari haliendi mtaroni. Kinachoondoka ni akili. Mwaka 2003, David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa watu gari la majaribio mbele ya skrini, wakazungumza kwa simu bila kuishika, huku kifaa kikifuatilia macho yao. Baadaye wakaulizwa kuhusu mabango waliyoyapita. Waliyatambua machache kuliko walipoendesha bila simu, na hata mabango ambayo jicho lilitua juu yake, mengi hayakuwa kichwani. Jicho lilitazama, mtu hakuona. Sasa ondoa bango, mweke mwanafunzi anayevuka barabara pale Mikindani.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, watafiti wa Toronto, Kanada, walichunguza rekodi za simu za madereva waliopata ajali. Hatari wakati wa kuongea ilikuwa karibu mara nne, na simu za kutoshika mkononi hazikuonyesha nafuu yoyote. Kwa hiyo hiyo hedifoni yako imekupa starehe tu, usalama haikukupa.

Hapo ndipo ninapoulizwa, "Mbona abiria wa mbele tunapiga naye soga?" Abiria wa mbele anaona mbuzi. Mbuzi akiingia barabarani, abiria ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele kabla yako. Yule mnunuzi wa korosho anayekupigia kutoka Tandahimba hajui kama umefika kwenye kona au umekutana na lori la mizigo. Anaendelea: "Haloo? Haloo? Unanisikia?" Nawe unajibu.

"Naangalia tu nani kapiga." Ukiwa kwenye 80, kila sekunde gari linakula mita 22. Sekunde tano za kusoma ujumbe ni zaidi ya mita 110, kiwanja cha mpira kizima umekivuka umefumba macho.

"Nikipokea napunguza mwendo." Unapunguza, ndiyo, katikati ya barabara, nyuma yako kuna basi la Dar es Salaam. Egesha pembeni, au acha iite.

"Mimi mzoefu, miaka ishirini njia ya Lindi." Uzoefu wa barabara nimeuona. Wa kuwa na vichwa viwili bado.

Bodaboda mnaochomeka simu ndani ya helmeti, nanyi nawaona. Wengine mkanda haujafungwa, simu ndiyo inayoishikilia helmeti.

Wanaofundishwa nami wanaujua wimbo wangu: simu mpe konda. Huna konda, izime mlio, itupe kwenye begi kiti cha nyuma, ambako mkono haufiki. Yule wa Hiace akaniuliza, "Na mteja wa korosho akipiga?" Nikamwambia konda wako ana mdomo, amjibu kwamba dereva yuko barabarani, atapiga akifika stendi.