Faibroadenoma kwa panya wadogo wa maabara: ipo, ila usiiandike haraka

Nyie mnaofanya kazi na panya wa maabara, naomba tuongee kuhusu faibroadenoma ya tezi za maziwa, maana majibu yake naona yanaandikwa kirahisi mno. Huu ni uvimbe usio kansa, na kwa wale panya wakubwa (rat), hasa majike ya aina ya Sprague-Dawley yakishazeeka, ni wa kawaida kabisa, unakua mpaka mnyama anatembea kwa shida na bado si kansa. Sasa mtu aliyezoea hao akihamia kwa panya wadogo (mouse) anakuja na mazoea yaleyale, anashika uvimbe, anaona umejitenga vizuri na unateleza chini ya ngozi, basi anaandika faibroadenoma hata kipande cha kuangalia kwenye darubini hakijakatwa. Hapana jamani! Kwa panya wadogo uvimbe mwingi wa ziwa ni adenokasinoma, yaani kansa ya tezi, na ukiuacha unaenda mapafuni.

Zile koo za zamani, yaani nasaba za panya wadogo wa maabara kama C3H, zilikuwa zinapata kansa hii kwa wingi, na mwaka 1936 John Bittner wa Jackson Laboratory, kule Maine, Marekani, akaonyesha kwamba kisababishi kinapita kwenye maziwa ya mama, ukimpa mtoto mama wa ukoo mwingine usio na kansa hii amnyonyeshe hatari inashuka sana. Baadaye ikajulikana ni virusi, ndo hivi tunaita MMTV (mouse mammary tumor virus, virusi vya uvimbe wa ziwa la panya mdogo). Halafu ziwa la panya mdogo ni mafuta matupu, nyuzi kidogo sana, wakati faibroadenoma inataka nyuzi na vijitezi vikue pamoja, na mimi naamini hiyo ni sababu mojawapo ya faibroadenoma kuwa adimu kwao.

Kwahiyo kwenye darubini tafuta vyote viwili, nyuzi na vijitezi. Nyuzi za kolajeni zimezunguka mirija ya maziwa, mingine imebanwa hadi imekuwa kama nyufa, seli zimejipanga kwa utulivu, hakuna zinazovamia pembeni. Vijitezi peke yake hiyo ni adenoma, nyuzi peke yake ni faibroma.

Na msidanganywe na mahali uvimbe ulipo, panya mdogo ana jozi 5 za tezi toka shingoni mpaka kwenye kinena na tishu yake inapanda ubavuni, kwahiyo hata uvimbe wa karibu na bega unaweza kuwa wa ziwa. Kateni sehemu zaidi ya moja ya uvimbe, mapafu nayo yaingie fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu), na kwenye fomu andikeni ukoo, umri na kama jike lilishazaa.