Dhamana ya nyumba Marekani: fedha ya mpangaji, sheria ya jimbo

Dhamana ya nyumba, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, ni fedha anayotoa mpangaji kabla ya kukabidhiwa funguo ili imlinde mwenye nyumba dhidi ya kodi isiyolipwa au uharibifu. Ni ya mpangaji hadi mwenye nyumba aonyeshe sababu halali ya kuikata. Si ada, wala si kodi ya mwezi wa mwisho.

Marekani haina sheria moja ya dhamana kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na inayotumika ni ya jimbo ilipo nyumba. Ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyepanga New York unaweza kumponza aliyepanga Houston, Texas. New York, tangu 2019, dhamana haizidi kodi ya mwezi mmoja na hurudishwa ndani ya siku 14. California inatoa siku 21, na tangu Julai 2024 kiwango cha juu ni kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa baadhi ya wamiliki wadogo wanaoruhusiwa miezi miwili. Massachusetts inamlazimu mwenye nyumba kuiweka katika akaunti ya benki ya pekee yenye riba. Minnesota inatoa wiki tatu, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwaka.

Texas, walikohamia wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Kenya, haina kikomo cha kiasi. Muda wa kurudisha ni siku 30 tangu mpangaji ahame, lakini kuna sharti linalowakwamisha watu wengi: mwenye nyumba halazimiki kurudisha chochote wala kutuma orodha ya makato mpaka mpangaji ampe anwani yake mpya kwa maandishi. Kumwambia meneja kwa mdomo siku ya kurudisha funguo hakutoshi. Andika barua fupi yenye jina lako, anwani ya nyumba unayohama, tarehe uliyokabidhi na anwani mpya. Itume kwa barua ya rejista na ubaki na nakala. Haki yako haipotei ukichelewa kuiandika, ila hadi uiandike mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa kutokulipa.

Sharti la pili ni notisi. Mkataba unaweza kusema kwamba usipotoa notisi, mara nyingi ya siku 30 au 60, unapoteza dhamana. Texas inakubali kifungu hicho pale tu kilipopigiwa mstari au kuchapwa kwa herufi nzito zinazoonekana wazi. Kitafute kabla ya kusaini. Angalia pia kama notisi inadaiwa hata pale mkataba unapoisha wenyewe, maana hapo wengi hudhani kufika tarehe ya mwisho kunatosha.

Kisha kuna mazoea ya nyumbani. Nairobi si ajabu mpangaji kuacha kulipa mwezi wa mwisho na kusema dipoziti ikatwe. Texas inakataza jambo hili waziwazi. Anayezuia kodi ya mwisho kwa nia mbaya kwa kisingizio cha dhamana anaweza kudaiwa mara tatu ya kodi aliyoizuia, pamoja na gharama za wakili. Ni hasara kubwa kwa familia inayoanza maisha.

Makato halali ni kodi inayodaiwa, gharama nyingine ambazo mkataba unamtwika mpangaji na uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia, matundu madogo ya misumari ya picha na zulia lililolala kwenye njia ya kupita ni uchakavu. Zulia lililoungua pasi, mlango uliotobolewa au jiko lililoganda mafuta ni uharibifu. Hata kwa uharibifu, umri wa kitu una uzito: zulia la dola 1,000 linalotarajiwa kudumu miaka 10, likiharibiwa baada ya miaka saba, limebakiza thamani ya takriban dola 300. Anayedai bei ya zulia jipya zima anadai kupita kiasi, na inafaa umwambie hivyo kwa hesabu.

Ushahidi huandaliwa siku ya kuingia. Jaza fomu ya hali ya nyumba chumba kwa chumba ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba: bomba linalovuja, doa la zulia, kioo chenye ufa. Piga picha na video, uzitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Rudia siku ya kutoka, nyumba ikiwa tupu. Fomu isiyorudishwa huchukuliwa kwamba nyumba ilikuwa nzima, na doa la mpangaji aliyetangulia linakuwa lako.

Siku 30 zikipita bila fedha wala orodha, sheria ya Texas inamdhania mwenye nyumba kuwa na nia mbaya, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Akishindwa, hulipa dola 100, mara tatu ya kiasi alichozuia isivyo halali, na gharama za wakili. Kwa dhamana ya dola 1,200 iliyozuiwa yote, hiyo ni dola 3,700 kabla ya wakili. Anza na barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kulipa. Akinyamaza, fungua kesi kwenye mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai hadi dola 20,000 na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Nenda na mkataba, risiti ya dhamana, picha za siku ya kuingia na ya kutoka, na nakala ya ile barua ya anwani pamoja na stakabadhi ya posta.