Hofu kabla ya kutolewa kizazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanamke akishaambiwa kizazi kitolewe kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani unaoota kwenye kizazi, ushauri humiminika kabla hata hajapangiwa tarehe. Mwingi humwongezea woga bure.

“Ukitolewa kizazi, wewe si mwanamke tena.” Hili linaumiza kuliko yote, na wengi hawamwambii daktari, hulia nalo usiku. Ukweli ni kwamba homoni za kike hutoka kwenye vifuko vya mayai, si kwenye kizazi. Vifuko vikiachwa, hedhi hukoma na mimba haitungwi tena, lakini homoni hazikatiki ghafla. Vikitolewa vyote viwili ndipo joto la mwili, jasho la usiku na ukavu ukeni huja kwa kishindo. Basi kabla ya kusaini, uliza: mnatoa nini, mnabakiza nini? Tendo la ndoa nalo halijaisha. Kwa kawaida husubiriwa takriban wiki 6 ili ndani papone, na wengi waliokuwa wakiteswa na damu nyingi na maumivu hupata nafuu kubwa.

Huzuni ya kutozaa tena ni kitu kingine. Ni ya kweli hata kwa mama wa watoto watano, asibezwe. Anayetaka bado kuzaa aulize kama uvimbe unaweza kutolewa kizazi kikabaki; mara nyingi inawezekana.

“Anayeogopa hana imani.” Sali, na bado sema. Wasiwasi mkubwa kabla ya upasuaji huandamana na maumivu makali zaidi baadaye, kwa hiyo wahudumu wakijua mapema hujipanga. Unaogopa kutozinduka? Mweleze mtaalamu wa nusu kaputi mwenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa sindano ya ganzi ya mgongoni hutosha.

“Usiulize sana, utamkera daktari.” Kuelezwa ni haki yako. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe tiba zilizopo, faida na hatari zake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Andika maswali kwenye karatasi, maana woga husahaulisha. Mume au dada akusindikize, ila uamuzi ni wako.

Na mpange mapema nani atachota maji nyumbani: ndoo ya lita 20 usiiguse wiki hizo za mwanzo.