Ethio-jazz ni nini hasa?

Wengi wakisikia Ethio-jazz wanadhani ni jazi ya Marekani imepigwa na Waethiopia basi. Siyo hivyo. Mziki wa nyanda za juu za Ethiopia unatembea kwenye skeli (ngazi za sauti) za noti 5 zinazoitwa qenet, na kubwa ziko nne: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Tizita ya kawaida ukiiimba kikwaya ni do re mi so la, sikio linaipokea bila shida, ila anchihoye sasa, re imeshushwa nusu toni, mi inapisha fa, na so imeshushwa nusu toni, ndo pale unasikia mziki unaning'inia hautaki kutua.

Alichofanya Mulatu Astatke, mzaliwa wa Jimma aliyesoma mziki London halafu Berklee kule Boston, ni kuziacha zile noti 5 juu kama zilivyo, afu chini akaweka kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za jazi zenye noti zote 12 pamoja na midundo ya Kilatini aliyoipenda New York, ambako alirekodi mwaka 1966. Hapo ndo pagumu kwelikweli, maana ukijaza kodi ovyo qenet inakufa unabaki na jazi ya kila mahali, kwahiyo piano na vaibrafoni (kama marimba ila ya vyuma) lazima zijizuie, besi irudie mzunguko uleule, saksafoni ipate nafasi ya kuongea.

Na kule Ethiopia mziki mwenyewe ni mwimbaji na mashairi yake, kupiga ala tupu lilikuwa jambo la kijasiri. Getatchew Mekurya alichukua shellela, zile tambo za wapiganaji, akazihamishia kwenye saksafoni, yani unasikia mtu anafoka kabisa! Kwangu mimi hakuna aliyemfikia.

1974 wanajeshi wa kundi la Derg wakampindua mfalme, ikaja amri ya kutotoka usiku, klabu zikafa na wanamziki kibao wakahama. Zilizobaki ni bendi za hotelini kama Walias Band ya Hailu Mergia pale Hilton ya Addis Ababa, wateja wanafungiwa humo wanacheza mpaka asubuhi amri iishe. Dunia ilichelewa sana kusikia haya yote, mpaka albamu za Éthiopiques zilipoanza kutoka Ufaransa 1997, na filamu ya Broken Flowers ya 2005 iliyojaa mziki wa Mulatu.

Ukitaka kuanza, tafuta Yekermo Sew ya Mulatu. Fuata besi kwanza, saksafoni baadaye.