Spageti za nyanya na rihani: usisubiri mafuta yaelee

Kila aliyejifunza kupika katika jiko la pwani amefundishwa jambo moja kuhusu nyanya: zikaange mpaka mafuta yajitenge. Ukiona mafuta yameelea pembeni mwa sufuria, rojo limeiva. Fundisho hilo ni sahihi kabisa kwa biriani, kwa mchuzi wa kuku, hata kwa maharage. Kwa spageti za nyanya na rihani mambo ni kinyume, na ndiyo sababu chakula hiki hutoka kizito katika nyumba nyingi: tambi kivyake, nyanya kivyake, na dimbwi la mafuta mekundu chini ya sahani.

Mimi ni mpishi Malindi na kazi yangu ni vyakula vya Kitaliano. Mji wetu umeishi na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipokuja kwa mradi wa anga wa San Marco pale Ngomeni, ambako mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Baadaye wakaja watalii, hoteli na mikahawa, na vijana wa hapa wakajifunza Kiitaliano na mapishi yake humohumo jikoni. Ninachoandika leo ni chakula cha jioni ya siku ya kazi. Umefika nyumbani umechoka, watoto wana njaa, na unataka wawe mezani baada ya nusu saa. Muda huo unatosha, na hakuna kitu utakachokuwa umekikimbiza, kwa sababu hivyo ndivyo chakula hiki kinavyopikwa hata kwa mgeni wa heshima.

Asili ya chakula hiki ni Napoli, kusini mwa Italia. Nyanya asili yake ni Amerika, na zilikawia kukutana na tambi: Wanapoli walizila tambi zao barabarani kwa mikono, zimenyunyiziwa jibini tu. Mapishi ya tambi kwa nyanya tunayaona kwenye maandishi ya Ippolito Cavalcanti, bwana mkubwa wa mji huo, katika miaka ya 1830. Vitu vinavyoingia ni vichache mno. Kwa watu wanne chukua gramu 400 za spageti, kilo moja ya nyanya zilizoiva, punje mbili za kitunguu saumu, vijiko vitano vya mezani vya mafuta ya zeituni, fungu la rihani na chumvi. Kitunguu maji hakimo, karoti haimo, pilipili hoho haimo, na viungo vya pakiti viache kabatini. Hakuna pa kuficha nyanya mbovu.

Basi tuanze na nyanya. Unazotaka ni zile ndefundefu zenye nyama nene na maji machache. Kenya sokoni utazikuta Rio Grande na Cal J. Tanzania mtafute Tanya au Tengeru 97, mbegu zilizotokana na kazi ya watafiti wa Arusha. Nyingi huchumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi ili zistahimili safari ya lori, kwa hiyo zinazong'aa wekundu juu ya meza ya muuzaji mara nyingi bado ni kali ndani. Zinunue siku mbili tatu kabla, uzitandaze kwenye sinia mahali penye hewa, wala usizitie kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 12 husimamisha uivaji na kuua harufu, na harufu hiyo haiamki tena ukizitoa. Nyanya iliyo tayari inalegea kidogo ukiibonyeza karibu na kikonyo, na ukiinusa hapo inanukia jani lake.

Usizichemshe ili kuzimenya. Kata nyanya mara mbili kwa upana, shika nusu moja kiganjani, kisha ikwaruze upande uliokatwa kwenye matundu makubwa ya kikwaruzo cha karoti. Nyama yote itaanguka kwenye bakuli na ganda litabaki mkononi limelala bapa. Kilo nzima haimalizi dakika sita. Mbegu na ule utelezi wake viache viingie, maana utelezi huo ndio wenye ukali na ile ladha nzito inayokufanya urudie kijiko. Anayeutupa anatupa sehemu bora ya nyanya. Msimu ambao nyanya ni ghali au hazina ladha, nunua za kopo, zile nzima zilizomenywa, ukazivunje kwa mkono. Nyanya ya kopo iliyosongwa ikawa nzito haifai hapa. Ni kitu kilichokwisha kupikwa kwa saa nyingi, na sisi tunatafuta nyanya inayoonja kama imetoka shambani.

Tambi nazo zina siri yake, na siri iko kwenye ngano. Italia ina sheria ya tangu mwaka 1967 inayotaka tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu, ile inayoitwa durum. Ngano hiyo ina protini inayofunga wanga ndani ya tambi wakati wa kuchemka, ndiyo maana inaiva bila kuvurugika. Ngano ya kawaida, ya mkate na chapati, huwa uji ukigeuka kumwita mtoto. Kwa hiyo pindua pakiti usome: tafuta neno durum, na kwenye jedwali la virutubishi protini iwe gramu 13 au zaidi kwa kila gramu 100. Ukiweza, chagua tambi ambazo uso wake ni wa unga-unga na rangi yake imefifia, usichukue zinazong'aa kama plastiki. Mji wa Gragnano, kwenye miteremko ya milima karibu na Napoli, umepata jina kwa tambi zinazosukumwa kupitia matundu ya shaba nyeusi, na shaba hiyo huzikwaruza uso mchuzi ukapata pa kushika. Hazipatikani kila duka, na bei yake si ya kila wiki. Durum ya kawaida inatosha.

Maji teleka kabla hata ya kuosha mikono. Lita tatu, kifuniko juu, moto mkubwa. Wengi watakwambia maji yawe na chumvi kama ya bahari. Sisi tunaooga bahari hiyo tunajua haiwezekani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na tambi zilizochemshwa humo hazimezeki. Gramu 10 kwa lita zinatosha, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa sana, na utie maji yakishachemka. Mafuta usitie kabisa. Hayazuii tambi kushikana, kwa sababu yanaelea juu na tambi ziko chini. Kinachozizuia ni wewe kuzikoroga katika dakika mbili za mwanzo, wakati uso wake unanata zaidi.

Maji yakikaribia kuchemka, washa jiko la pili. Weka kikaango kipana, si sufuria ya kina, kwa sababu upana ndio unaofukuza maji ya nyanya upesi kabla hazijapoteza uhai. Tia vijiko vitatu vya mafuta yangali baridi pamoja na kitunguu saumu ulichokiponda kwa ubapa wa kisu, halafu moto mdogo. Kitunguu saumu kianze kutoa vipovu na kunukia, kiwe na rangi ya majani makavu, basi. Kikigeuka hudhurungi, uchungu wake utakufuata mpaka mwisho. Hapo mimina nyanya zote, tia chumvi kidogo na kikonyo kimoja cha rihani na majani yake, uongeze moto. Mafuta ya zeituni yakiwa ghali kwako, tumia alizeti hapa na uyahifadhi ya zeituni kwa mwisho, ambako hayapikwi na ladha yake inasikika.

Nyanya zinataka dakika 10 hadi 12. Tazama vipovu: mwanzoni ni vidogo na vinaruka kwa fujo, kisha vinakuwa vikubwa, vizito, vinapasuka polepole. Pitisha mwiko katikati ya kikaango. Njia yake ikibaki wazi kwa sekunde moja halafu ikajifunga, zima moto. Mafuta yatakuwa bado yamo ndani ya nyanya, na mkono wako uliozoea rojo utakwambia uongeze muda. Usiusikilize. Ukiendelea mpaka yaelee, maji yamekwisha, sukari ya nyanya imeanza kukaangika, na umepata rojo zuri la chakula kingine. Onja. Ukali ukizidi, sukari ya kubana kwa vidole viwili inatosha. Kijiko kizima huifanya kama jamu. Opoa kitunguu saumu na kile kikonyo.

Spageti zinaingia majini pale tu unapomimina nyanya, ili viwili hivi vimalizike pamoja. Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha utoe dakika mbili. Muda huo umepimwa kwa maji yanayochemka nyuzi 100, kama huku kwetu ufukweni. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo walio huko, na wa Arusha na Kigali pia, waongeze dakika moja au mbili. Usitegemee saa peke yake. Chomoa spageti moja, ing'ate, utazame palipokatika: ukiona nukta nyeupe katikati, ndogo kuliko kichwa cha pini, huo ndio wakati. Zitaonekana hazijaiva, na ni kweli hazijaiva. Zitamalizikia kwenye nyanya.

Sasa tumefika penyewe. Yale maji ya kuchemshia, ambayo nyumba nyingi humwaga kwenye sinki, yameshakuwa na ukungu mweupe. Ukungu huo ni wanga uliotoka kwenye uso wa tambi. Mafuta na maji hayapatani, hilo linajulikana, lakini wanga ukiwemo na ukiyapiga kwa nguvu, mafuta hupasuka kuwa matone madogo sana na wanga huyazuia yasikutane tena. Kinachotokea ni mchuzi mmoja, mzito kiasi, unaong'aa na kujipaka kwenye kila uzi wa tambi. Kwenye rojo la biriani tunakausha maji ili mafuta yatoke. Hapa tunarudisha maji, yenye wanga, ili mafuta yasitoke.

Kwa hiyo usichuje spageti kwenye chujio, na usizisuuze kwa maji ya bomba hata kwa dawa, maana utakuwa umeuosha wanga wote. Washa tena moto mkubwa chini ya nyanya, zinyanyue spageti kwa koleo moja kwa moja kutoka sufuriani zikidondosha maji, uzitie kikaangoni, kisha ongeza upawa mmoja wa maji yake. Anza kuzungusha. Shika kikaango kwa mkono mmoja ukitikise mbele na nyuma, na kwa mwingine uzigeuze tambi bila kupumzika. Dakika ya kwanza itaonekana kama umeharibu, maji mekundu yanachezacheza chini. Endelea. Ghafla yale maji yanakaza, sauti ya kikaango inabadilika kutoka mchemko mwepesi kuwa mnato, na ukivuta tambi upande mmoja mchuzi unafuatana nazo. Zikikauka kabla hazijaiva, ongeza maji kidogo. Ndiyo maana sufuria hubaki na maji yake mpaka watu wamekaa kula. Zima moto, mimina vijiko viwili vya mafuta vilivyobaki, uzungushe tena.

Rihani inaingia sasa, moto umezimwa. Harufu yake imo kwenye mafuta mepesi yanayopaa kwa joto, na dakika tano za mchemko zinaacha jani tupu. Chambua majani kwa vidole na kuyararua yakiwa juu ya kikaango. Ukiyakatakata kwa kisu mapema yatakuwa meusi kwenye ubao kabla tambi hazijaiva. Inayotumika Italia ni ile yenye majani mapana laini, na siku hizi miche yake inauzwa kwenye vitalu vya miji mingi. Rihani yetu ya vikuba, inayofungwa pamoja na asumini, ni jamaa yake wa karibu, ina majani madogo na harufu kali zaidi. Inafaa vizuri ukitia nusu ya kiasi. Kivumbasi usikitie, maana harufu yake ya dawa itameza nyanya zote. Rihani kavu ya kichupa nayo haina faida hapa. Afadhali ule spageti za nyanya bila rihani, ni chakula kamili pia.

Fungu ulilonunua usilitie kwenye friji, litaamka jeusi. Lisimamishe kwenye glasi ya maji kama maua. Vikonyo vingine vitatoa mizizi humohumo ndani ya wiki moja au mbili. Vihamishie kwenye kopo lenye udongo dirishani, ukikata vichwa kabla havijatoa maua, na hutanunua tena.

Jibini ni hiari. Parmigiano, jibini ngumu ya Kitaliano, ukiwa nayo, kwaruza kidogo mezani. Jibini laini za sandwichi hazifai, huvutika na kufunika ladha.

Pakua papo hapo, kwa sababu mchuzi huu unaendelea kukaza ukingoja. Zikibaki, usizipashe kwenye maikrowevu. Wanapoli hupiga mayai, matatu yanatosha sahani mbili za spageti baridi, wakatia chumvi na pilipili manga, wakachanganya na kumimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto. Acha upande wa chini ushike rangi kwa moto mdogo, dakika saba au nane, funika kwa sahani, pindua, urudishe upande wa pili. Kata vipande, watoto wabebe shuleni.